Pumzi ya Walii

Mara ya kwanza kifua kiliponibana mbele ya watu, nilikuwa nimeketi mkekani nikisubiri zamu yangu ya kusoma Maulidi. Ulikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, katikati ya miaka ya themanini, baada ya sala ya alasiri, ndani ya ukumbi wa nyumba moja ya mji wa kale wa Malindi. Desturi yetu ilikuwa kwamba kitabu kiwekwe juu ya mto mdogo, nao mto upitishwe kutoka kwa msomaji mmoja hadi mwenzake, kila mmoja asome mlango wake kwa mahadhi aliyoyapokea kwa mwalimu wake. Kitabu hicho nilikisoma tangu sijabaleghe. Nilikuwa mwalimu wa madrasa, na wengi wa vijana waliokisoma siku ile nilikuwa nimewafundisha mimi.

Mto ulikuwa bado uko kwa jirani wa jirani yangu nilipohisi vidole vinakufa ganzi. Kisha mdomo ukakauka. Kisha moyo, ambao mtu mzima hukaa nao miaka bila kukumbuka kwamba anao, ukaanza kupiga kwa nguvu hata nikadhani waliokuwa pembeni yangu wanausikia. Sauti ya msomaji ikawa mbali, kana kwamba inatoka nyuma ya ukuta, na hewa, ingawa madirisha yalikuwa wazi, ikawa haitoshi. Nilivuta pumzi, nikavuta tena, na kila nilivyovuta ndivyo kifua kilivyozidi kukataa. Nilikuwa na hakika kwamba ninakufa. Nalitumia neno hakika kwa uangalifu, kwa sababu halikuwa dhana wala shaka. Mto ulipofika kwa jirani yangu, niliinuka kama mtu anayekwenda kutia udhu, nikapita kati ya magoti ya watu, nikaingia chooni, nikaketi kwenye ukingo wa birika la maji. Kutoka hapo nilisikia kitabu kikirukishwa mahali pangu, na kijana niliyemfundisha akisoma mlango uliokuwa wangu, bila kosa.

Haikuchukua muda mrefu. Nilinawa uso, nikarudi, nikaketi. Hakuna aliyeuliza neno, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Niliona kwamba mtu anaweza kufa na kufufuka katikati ya kundi la watu, na chai ikaendelea kugawiwa.

Tangu siku hiyo hofu ilikuwa na njia mbili za kunijia. Ilikuja yenyewe, ghafla, darasani au sokoni; na ilikuja kwa kungojewa, maana kuiogopa kulitosha kuileta. Nikaanza kupanga maisha yangu kwa kuipisha. Msikitini niliacha safu ya mbele, nikasimama karibu na mlango. Nilipoalikwa kusoma, nilisema koo linaniuma. Kinyozi nilimwomba aje nyumbani, kwa kuwa kitini pake, shuka ikiwa imefungwa shingoni na wembe uko kwenye shavu, nisingeweza kuinuka. Nje nilionekana mtu mpole aliyezidi kuwa mpole. Baadhi ya wazee walinisifu kwa unyenyekevu.

Aliyejua ukweli alikuwa mmoja, si mke wangu wala mama, bali dada yangu.

Baba yetu alifariki mimi nikiwa bado mdogo, naye dada akiwa msichana tayari. Mama alishona kofia za kuuza, na kazi ya kunisikiliza masomo ya chuo cha Kurani ilimwangukia dada. Alikuwa akikuna nazi, ameketi juu ya mbuzi, nami nimesimama mbele yake nasoma kwa moyo. Msomaji anapoishiwa pumzi katikati ya aya, kanuni yake inajulikana: husita, harukii mbele, hurudi nyuma neno moja au mawili, kisha huanza tena ili maana isikatike. Dada hakusomeshwa kanuni hiyo na mwalimu yeyote. Aliisikia kwangu, akaishika kuliko mimi. Nilipokwama, hata kabla sijaona haya, alisema huku mkono haujaacha kukuna: “Rudi nyuma. Anza tena.”

Kisha akaolewa. Kwa kuwa baba hayupo na mimi sijabaleghe, walii wake, yaani mwanamume wa ukoo mwenye haki ya kumwoza, alikuwa ami, ndugu wa baba. Ami alimuuliza mara moja, akiwa amesimama mlangoni, na dada akanyamaza. Na kunyamaza kwa mwanamwali huhesabiwa kuwa idhini. Ami naye, kama wafanyavyo wengi, alimpa sheikh uwakala wa kusema maneno kwa niaba yake. Nikaha ikafungwa msikitini. Miaka mingi baadaye, ndoa ile ilipokwisha kuvunjika na dada amerudi nyumbani, aliniambia jambo ambalo sijalisahau.

“Mimi nilijua nimeolewa kwa vigelegele,” alisema. “Niko chumbani nasukwa, nikasikia wanawake nje wanapiga vigelegele. Nikauliza, kuna nini? Wakanicheka. Wakasema, ee, bibi harusi, ndiyo wewe.”

Ulikuwa mwaka ule ule wa ugonjwa wangu alipoletewa posa ya pili. Mtu mwenyewe alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni, Kikambala, mjane, mtu wa makamo. Dada alimtaka. Safari hii walii nilikuwa mimi, kwa kuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, akishabaleghe, humtangulia ami. Nilimwambia kwamba nimeridhia, na kwamba nitampa sheikh uwakala aseme maneno, kama ilivyo ada.

Dada aliacha kupepeta mchele. “Sheikh ananijua?”

“Hapana haja akujue.”

“Wewe umesoma, unajua haja iko wapi. Mimi najua haja yangu. Niliozwa na mtu asiyewahi kuniona, kwa idhini ambayo sikuitamka. Safari hii nataka iwe hapa hapa nyumbani, mimi niko nyuma ya pazia, na maneno yatoke kinywani mwako, niyasikie.”

“Dada, unajua hali yangu.”

“Naijua. Kwa hiyo sema mapema. Ukiweza, tutamwita mpishi wangu. Ukishindwa, mwambie asijisumbue na nauli. Mimi nitabaki nilivyo, mbona nilivyo si vibaya? Nitakuwa nakupikia wewe na mkeo mpaka mnichoke.”

Alicheka, lakini nilimjua. Hakuwa akitania.

Nikasema nitaweza. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amenitazama. Na nilipotoka nje ya mlango, vidole vilianza kufa ganzi.

Ikawa sasa ninatafuta dawa kwa bidii. Nilikwenda hospitali, kwa kuwa bado nilishuku moyo. Daktari, kijana wa kutoka bara mwenye Kiswahili cha haraka, alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipima, akaniuliza nafanya kazi gani na nalala vipi. Akasema moyo wangu ni mzima kabisa, kinachonisumbua ni wasiwasi. Niliudhika. Neno hilo katika vitabu vyetu ni jina la kunong’onezewa na shetani, ugonjwa wa mtu anayerudia udhu mara chungu nzima kwa kudhani haukutimia. Halikuwa neno la mtu aliyeketi kwenye ukingo wa birika akiaga dunia. Hata hivyo, kabla sijatoka aliniambia jambo moja: “Ikikushika, mwalimu, usipigane kuvuta hewa. Hewa unayo nyingi mno. Itoe polepole.” Sikumwamini, lakini nililichukua.

Mama alikuwa na maoni yake. Wasiwasi wangu hakuujua kwa jina, ila aliona mwanawe anatoka jasho mezani na kuacha chakula, na kwa mama kama yeye jambo hilo lilikuwa na maelezo ya namna moja tu, nayo ni pepo. Nilimwambia kwamba mwalimu wa madrasa hafukizwi. Akanijibu kwamba pepo hamuulizi mtu amesoma wapi. Mwishowe nilikubali, kwa kumwonea huruma, na pengine kwa sababu siku zilikuwa zinasogea na mtu aliye katika hali yangu hukubali mengi.

Akaja mwanamke mmoja wa makamo, rafiki wa mama tangu usichana, aliyesifika kwa mambo hayo. Mlango ukafungwa na dirisha pia. Nikaketishwa kwenye kigoda, chetezo chenye makaa kikawekwa kati ya miguu yangu, ukamiminwa ubani na majani nisiyoyajua, nami nikafunikwa blanketi zito gubigubi. Asiyewahi kupata hali ile hawezi kufikiri mahali pabaya zaidi pa kuipatia. Moshi ulipofika usoni, kifua kilifunga kama mlango. Nikaanza kutweta na kutetemeka mwili mzima.

“Anapanda!” yule mwanamke alisema kwa furaha. “Mama, huyoo, anapanda! Wewe nani? Sema! Unataka nini kwa mtoto wa watu?”

“Nataka hewa!” nilisema ndani ya blanketi.

“Anataka hewa! Kumbe mkubwa huyu. Na nini kingine? Unataka marashi? Unataka mbuzi?”

“Nataka dirisha!”

“Dirisha! Mama, hebu kumbuka, dirisha gani aliwahi kukaa peke yake magharibi?”

Nililitupa blanketi, nikaenda kulifungua dirisha mwenyewe. Mama aliketi kitandani akiwa ameshika tama. Yule mwanamke hakukasirika hata kidogo. Aliridhika, akakusanya vitu vyake, akamwambia mama kwamba pepo ameshasema anachotaka, na anayesema hutulizika. Kwa hiyo tangu siku ile nisinyimwe dirisha popote nitakapoketi. Nakiri kwamba katika matibabu yote niliyopewa mwaka ule, agizo hilo ndilo lililofuatwa na nyumba nzima, na halikuwa baya.

Ami alisikia habari za kufukizwa kwangu, maana mtaani hakuna moshi wa siri. Alinikuta barazani. Hakuwa mtu mbaya. Tangu baba afariki hakuacha Ijumaa hata moja kuja kumjulia mama hali. Ila hakujua kusema neno bila kulichongoa.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba. Nasikia mwalimu mzima unatetemeka kama kuku aliyeona kisu. Na wataka kumwoza dadako kwa kinywa chako?”

“Ndivyo alivyotaka, ami.”

“Mwanamke akitaka, wewe huna kichwa? Mpe sheikh uwakala, uketi kwa heshima yako. Wajua vyema kuliko mimi kwamba jawabu la mume lazima lifuatane na neno la walii. Ukae kimya katikati muda mrefu, nikaha imeharibika. Wataka tuharibikiwe mbele ya wageni wa Kikambala?”

Hapo alinigusa palipouma, kwa kuwa hicho hasa ndicho nilichokuwa nikikifikiri kila siku. Nilikuwa nimeisoma mas-ala hiyo kwa walimu na kuifundisha wengine. Kimya kidogo hakidhuru, kimya kirefu hudhuru. Sikuwahi, nilipokuwa nikiifundisha, kujiuliza kimya kirefu kina urefu gani kwa mtu anayekinyamazia.

Kabla ya siku yenyewe nilisafiri mpaka Kikambala kumwona mchumba kazini kwake, kama inavyompasa walii. Kilifi hakukuwa na daraja wakati huo. Tulivuka mlango wa bahari kwa pantoni. Tulipoondoka gati, nikiwa nimebanwa kati ya lori na reli ya chuma, nikatambua kwamba mpaka ng’ambo ya pili hakuna pa kutokea. Kifua kikaanza. Nilishika reli kwa mikono miwili. Mama mmoja aliyeketi sakafuni na kikapu chake cha korosho aliniangalia kidogo, akasema, “Maalim, chuma hicho ki moto. Kaa hapa,” akakisogeza kikapu. Nikaketi kwenye sakafu ya mbao pamoja na kanzu yangu nyeupe. Hakuniuliza kitu. Hapo, kwa kukosa lingine la kufanya, nilifanya kama alivyosema daktari. Nikaitoa pumzi polepole, na njia niliyoijua ya kuitoa polepole ilikuwa moja tu, ile ya msomaji anayevuta irabu ndefu mwishoni mwa aya, mpaka sauti iishe yenyewe bila kukatwa. Niliivuta irabu hiyo bila sauti, nimefumba midomo. Pumzi ilipokwisha kutoka yote, nyingine iliingia yenyewe, bila kuombwa. Hali haikuondoka. Ila nilikuwa nimepata kitu cha kushika kisichokuwa reli.

Mpishi nilimkuta nyuma ya hoteli, amefunga aproni. Alinitazama kanzu iliyochafuka na uso uliolowa, akaniletea maji katika bilauri, akangoja nimalize kunywa ndipo akanisalimu upya. Nilimpenda kwa hilo, na nikapanda pantoni kurudi nikijua kwamba kama dada atabaki alivyo, sababu itakuwa mimi.

Siku ikafika. Tulipanga baada ya alasiri, lakini bwana harusi hakutokea. Kilifi, tulikuja kujua baadaye, pantoni ilikuwa moja tu inayofanya kazi, na foleni imerudi mpaka juu ya mlima. Wanaume walikaa ukumbini wakijipepea kwa ncha za kanzu. Sheikh alikuwa ameketi, ami kando yake, na pazia la chumba cha ndani limeshushwa. Mimi niliwekwa karibu na dirisha, kwa amri ya mama. Kwa mtu anayeogopa, kungoja ni kufanya jambo lile lile mara nyingi kabla halijafanyika. Nilikwama, nikaaibika, nikaharibu nikaha, kisha nikaanza tena, na bwana harusi bado alikuwa Kilifi.

Alipofika, ametoka jasho na anaomba radhi kwa kila mtu, niliingia ndani na mashahidi wawili kumuuliza dada. Kwa aliyekwisha kuolewa, kunyamaza hakutoshi; sharti atamke. Nilimuuliza. Alijibu kwa sauti ambayo iliwafikia wa nje: “Nimeridhia, na wewe ndiye uniozeshe.” Mashahidi walitazamana. Mmoja alikohoa.

Nikarudi ukumbini, nikaketi goti kwa goti na bwana harusi, tukashikana mkono wa kulia. Sheikh alisoma hotuba, kisha akanigeukia. “Haya, maalim.”

“Nimekuozesha,” nilisema, “dada yangu...”

Nikataja jina lake, na pumzi ikaisha. Vidole vilikuwa vimekufa kitambo. Ukumbi ukarudi nyuma ya ukuta, kama siku ya Maulidi. Nilijaribu kuvuta hewa, nikasikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Na katika kimya kile bwana harusi, ambaye naye alikuwa na hofu zake, akasema kwa haraka na kwa nguvu:

“Nimekubali!”

“Subiri, bwana!” sheikh alisema. “Mahari bado hayajatajwa. Wakubali nini?”

Wanaume wakaangua kicheko. Mtu nyuma akasema, “Mwacheni, ametoka mbali!” na kicheko kikaanza upya. Ami hakucheka. Aliinama kwangu, akaunyosha mkono. “Mpe sheikh uwakala, mwanangu,” alisema, na kwa mara ya kwanza neno lake halikuwa na ncha. “Mpe tu. Si aibu.”

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wa mpishi. Ulikuwa umelowa, na ndipo nilipotambua kwamba nusu ya jasho lile si langu. Sikuuachia. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya kabisa. Hata bangili hazikusikika. Niliitoa pumzi iliyobaki, nikaivuta kama irabu, mpaka ikaisha.

Kisha sikuendelea pale nilipoishia. Nilirudi nyuma, mpaka mwanzo.

“Nimekuozesha,” nilisema, nikataja jina lake lote na la baba yetu, nikataja mahari waliyopatana, nikamaliza. Sauti ilikuwa nyembamba na haikuwa nzuri. Mpishi alimtazama sheikh kwanza, sheikh akaitikia kwa kichwa, ndipo akasema amekubali kumwoa kwa mahari hayo. Hakukuwa na kimya kati yetu.

Watu walipokuwa wakiitikia dua, nilipita nyuma ya pazia. Dada alikuwa ameketi kitandani amejifunika kanga, wanawake wamemzunguka.

“Ulikwama,” aliniambia.

“Nilikwama.”

“Nikasema moyoni, atarudi nyuma huyu.” Alinitazama uso. “Nenda kanawe. Umekuwa rangi ya unga.”

Nilikwenda chooni, nikaketi kwenye ukingo wa birika. Na huko, kila kitu kikiwa kimekwisha na hakuna tena la kuogopa, ilinijia kamili, kali kuliko ukumbini, hata nikashika ukuta. Nilijua wakati huo kwamba haitaniacha, na haijaniacha. Wapo vijana niliowasomesha miaka hiyo wanaodhani mpaka leo kwamba napenda kuketi mlangoni kwa ajili ya upepo. Nilitoa pumzi polepole, nikangoja nyingine iingie. Ndipo nje wanawake wakaanza vigelegele. Safari hii vilimkuta dada anajua tayari.